Mwaka Diski Ilipoanza Kukohoa

Simu ya kuniambia kwamba Mama Hilda ametutoka ilinikuta uani kwangu, Mbinga mjini, ninachambua maharage. Aliyepiga ni mjukuu wake, Faraja. Hakulia na hakuzunguka. "Mama mdogo," alisema, "bibi amepumzika leo asubuhi. Tunazika kesho kutwa. Ile sauti ya mama nitaiweka watu waisikie, kwa hiyo usikose." Nikampa pole, nikamwambia nitakuja, kisha nikabaki nimeshika ungo kama mtu aliyesahau alichokuwa akifanya. Wanaonijua leo wananijua kama mwenye duka la madaftari karibu na stendi, mama mkali asiyependa mazoea. Hawajui kwamba mwaka mmoja wa ujana wangu niliumaliza nimeinamia sanduku la kompyuta, nikisikiliza chuma kikigonga, huku mama wa watu ameketi nyuma yangu akingoja nimrudishie mwanawe. Nilikozaliwa, wazazi wangu na shule nilizopita nitaviacha. Kila mtu ana wazazi. Mwaka ule ndio ulionifanya niwe hivi nilivyo, na sina hakika kama ulinifanya mwema.

Nilikuwa nimerudi kutoka Songea na cheti cha kompyuta, na Hyera alinipa kazi siku ile ile nilipomwomba. Alikuwa mtu mfupi, mwepesi wa maneno, aliyewahi kuwa karani wa wanunuzi binafsi wa kahawa. Soko lilipoachiwa huru walimiminika wanunuzi wa kila namna, kila mmoja na mizani yake na ghala lake, ushirika ukayumba, na baada ya misimu michache wengi wao wakaondoka kama walivyokuja. Maghala yakabaki. Hyera alipanga moja akaligawa kwa ukuta wa mbao. Mbele tulitoa fotokopi na kuchapa barua za watu wanaoomba kazi. Nyuma ilikuwa studio ya kurekodia kwaya, na hiyo ndiyo iliyokuwa roho yake. Kuta na dari alizifunika kwa magunia ya kahawa, tabaka juu ya tabaka, ili sauti isirudi. Ukifunga mlango ulisikia pumzi yako mwenyewe. Harufu ya kahawa haikutoka mle ndani hata siku moja, na vumbi lake lilitua juu ya kinanda, juu ya maikrofoni, ndani ya kompyuta. Kitu ambacho magunia hayakuweza kuzuia ni mvua. Mvua ya Mbinga ikianza kupiga bati hakuna kwaya inayosikika, kwa hiyo tulirekodi kiangazi, na masika tulirudi kwenye kuchapa barua.

Kutoka Songea nilikuja na CD moja ya Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, niliyopewa na mwalimu wangu. Ukiitumbukiza, kompyuta iliwaka kutoka kwenye CD yenyewe bila kugusa diski iliyomo ndani. Hyera aliidharau kabisa. "Hiyo ni dawa ya kienyeji," alisema. "Watu wazima wanatumia Windows." Lakini kila mteja alipoleta flashi iliyojaa virusi na mashine ikagoma, nilisikia sauti yake kutoka mbele: "Otilia! Hebu lete ile miti shamba yako." Nilikuwa naringa kidogo, siwezi kukataa. Wasichana tuliojua kuandika amri kwenye skrini nyeusi hatukuwa wengi mjini, na nilipenda jinsi watu walivyonyamaza nilipokuwa nikiandika.

Kwaya ya akina Mama Hilda ilipanda kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kijiji kimoja kaskazini ya Mbamba Bay, katikati ya baridi. Walikuja na unga wa muhogo, usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, na sufuria zao wenyewe, kana kwamba huku juu hakupikwi. Walitetemeka hadi nikawaonea huruma. Wanaume waliimba wamevaa makoti, wanawake wamejifunga vitenge viwili viwili, na kila wimbo ulipokwisha walikimbilia uani kuota moto. Mwanzishaji wao alikuwa Frida, binti wa Mama Hilda, mjamzito, mwembamba mahali pengine pote. Katika kwaya ile wimbo haukuanza kwa kinanda. Ulianza kwa Frida peke yake, mstari mmoja, kisha wengine wakapokea, na kama hakuridhika na walivyopokea alisimamisha kila kitu, awepo mchungaji asiwepo. Mara nyingi waliomkera ni besi, na mkubwa wa besi alikuwa mwenyekiti wa kwaya, Mwalimu Cuthbert, mtu wa heshima zake, mwenye tabia ya kuingia kabla ya wakati. Frida alikuwa amefundishwa naye darasani. Hiyo haikumzuia kumgombeza.

Sasa nieleze jambo ambalo bila hilo haya yote hayaeleweki. Kanda ya kwaya kwetu haisikilizwi kabla ya kuzinduliwa. Hutafutwa siku, huitwa mgeni rasmi, huchinjwa ng'ombe, mgeni anakata utepe, na hapo ndipo wimbo unapigwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu wote. Kanda ya kwanza ya kwaya ile ilikuwa imeibwa kabla ya siku hiyo. Mtu alitoa nakala, nakala ikazaa nakala, na siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikuwa tayari ameisikia kwenye basi alilokuja nalo. Aibu ile Mwalimu Cuthbert hakuisahau. Safari hii aliwasimamisha wanakwaya wote mbele ya altare ya kanisa lao wakaahidi kwamba hapatakuwa na nakala, hata moja, hata ya mwanzishaji, hata ya mchungaji. Kisha akaja kwetu akamwahidisha Hyera vilevile. Hyera, kwa kutaka sifa, akang'oa mtambo wa kuchomea CD mbele ya macho yake. Nyimbo zote zikabaki ndani ya diski moja, kwenye chumba kimoja, zikingoja Krismasi. Nakumbuka Mama Hilda, aliyekuwa amefuatana nao kuja kupika, alivyomwomba binti yake uani, wakisonga ugali: "Hata mimi nisisikie kidogo?" Frida akacheka. "Mama, utasikia siku ya utepe kama wenzio. Ukisikia leo utawaimbia jirani zako wote kesho." Kila mtu akacheka, na mimi pia.

Frida alijifungua salama, mtoto wa kike, ndiye huyu Faraja, na siku chache baadaye akashikwa na homa. Walimpakia kwenye gari kumpandisha hospitali ya Litembo. Mvua za mwanzo zilikuwa zimeshalainisha barabara, gari likakwama mlimani, na pale pale njiani akafa. Uzinduzi ukasogezwa hadi Pasaka. Wanakwaya walisema sasa kanda ile ni sala, na watu watainunua kwa machozi. Sikupenda maneno hayo, lakini wafiwa husema mengi.

Diski ilianza kukohoa baada ya mwaka mpya. Hilo ni neno la Hyera, na sijapata lililo bora. Aliwasha kompyuta ya studio, ikalia tak, ikatulia, ikalia tak tena, halafu skrini ikabaki imeganda. Akazima, akawasha, akazima, akawasha. Alipoishiwa akaniita, na safari hii hakusema miti shamba. Niliweka sikio juu ya sanduku nikajua. Ndani ya diski kuna sahani inayozunguka na mkono mdogo unaosoma juu yake. Mkono ule ulikuwa unatafuta mahali pa kushika na haupati. "Usiiwashe tena," nikamwambia. "Kila ukiiwasha inakwenda na kitu." Akaketi juu ya gunia akashika kichwa. "Otilia, mimi nitamwambia nini Mwalimu?" Nikamjibu kwamba Mwalimu ndiye aliyetaka nakala isiwepo. Lilikuwa jibu sahihi na halikumsaidia mtu.

Habari zilishuka ziwani haraka kuliko gari. Mwalimu Cuthbert alikuja na koti lake la mikutano, na nyuma yake Mama Hilda, amembeba mjukuu mgongoni. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumngoja Frida." Alisema hivyo hivyo, kama mtu aliyefika stendi. Hyera alikuwa ameleta diski mpya kutoka Songea, na mimi nilikuwa nimeshawasha kompyuta kwa CD yangu ya Linux. Baada ya kugonga kwa muda mrefu ile diski mgonjwa ikakubali kujitokeza. Nilitaka kuona tu kama ina uhai, na kwenye skrini yakatokea majina ya nyimbo, yote, moja chini ya jingine. Mwalimu akapiga makofi. "Si hizo hapo! Fungua hiyo ya tatu tusikie." Ya tatu ilikuwa ile ya Frida, ile anayoanza kwa kuuliza nani atamvusha.

Nikakataa. Nikaeleza kwamba nitainakili diski nzima, kipande kwa kipande, kwa programu iitwayo ddrescue, ambayo huchukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi, huruka yanayogoma, na baadaye huyarudia polepole. Kufungua wimbo sasa ni kuulazimisha mkono kwenda mahali ambapo huenda ndipo panapouma. "Wewe binti," Mwalimu akasema, "unatunyima kitu ambacho tunakiona kwa macho." Hyera akaniangalia kama anayeniomba. Mama Hilda alikisogeza kiti karibu, akamtikisa mtoto mgongoni, akaniuliza, "Mwanangu, ukifungua sasa hivi, ataimba?"

"Huenda akaimba, mama."

"Na kesho?"

"Huenda akaimba leo asiimbe tena."

Aliinama akayatazama yale majina. Hakuwa anajua kusoma vizuri, na aliniomba nimwonyeshe kwa kidole jina lipi ni la wimbo wa mwanawe. Nikamwonyesha. Akaligusa, pale pale kwenye kioo. "Basi tusifungue," akasema. "Huyu mtoto naye atataka." Mwalimu Cuthbert akatoka nje na koti lake.

Kazi ile ilikula muda kuliko nilivyowaambia. Umeme wa mji wetu ulitokana na jenereta, ulikuja na kuondoka upendavyo, na mara nyingi nilitegemea betri ya gari. Ulipokatika, programu ilikumbuka ilikofika ikaendelea kutoka hapo, na kwa hilo tu naishukuru hadi leo. Siku za kwanza namba zilikimbia. Kisha zikaanza kutambaa, na diski ikawa inagonga, inapumzika, inagonga. Ilipopata joto niliizima nikaipepea kwa mfuniko wa sufuria. Mama Hilda alikaa kwenye kiti kile kile, amevaa sweta la Hyera lililomzidi, na kila yule mdudu wa chuma alipogonga nilisikia pumzi ya mama huyo ikikatika. Mchana alikwenda uani akatupikia ugali wa muhogo na usipa wa kuchemsha na nyanya, akilalamika kwamba moto wa huku juu hauna nguvu, kwamba maji ya huku yanauma meno, kwamba hajui watu wanaishije mahali ambapo ukitazama mbele unaona mlima tu. Nikampenda kwa malalamiko yale. Kisha anarudi, anaketi, anauliza, "Amefika wapi?" Hakuuliza kazi imefika wapi. Na mimi, niliyekuwa nikiringia skrini yangu nyeusi, nikaanza kuichukia. Nilikuwa nakula chakula chake kila siku na sina hakika ya chochote. Usiku, hata nikiwa kitandani kwangu, bado nilisikia ile diski ikigonga. Jioni moja kazini nilimsikia Hyera akimnong'oneza mkewe nje ya dirisha, "Ikishindikana yule mama atavunjika, na huyu Otilia ndiye atakayemwambia, mimi siwezi."

Kuna asubuhi diski iliwaka, ikagonga, ikatoa mlio mwembamba kama kijiko kikwaruzacho sahani ya bati, ikanyamaza. Haikuamka tena. Tulichokuwa nacho ni kile kilichokwisha kuvuka kwenda upande wa pili. Nikakifungua. Majina ya nyimbo yalikuwepo. Nikaufungua wimbo wa tatu, Mama Hilda akiwa ameshika vipokea sauti vya masikioni kwa mikono miwili, na ndani yake hamkuwa na kitu, ukimya mtupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wa nne vilevile, na nyingine zote. Mahali diski ilipoumia ndipo Hyera alipokuwa amehifadhi kazi iliyokamilika. Nilimwambia mimi, kama Hyera alivyotabiri. Hakulia. Alivua vile vipokea sauti akaviweka mezani taratibu, akaniuliza, "Ile siku ya kwanza tungefungua, ningemsikia?"

Sikujua, na hadi leo sijui. Huenda diski ingekufa pale pale. Huenda angemsikia mwanawe akiimba wimbo mzima, mara moja, na hiyo ikamtosha. Watu wa kompyuta nimewauliza tangu hapo, na wote wanasema nilifanya inavyotakiwa. Inavyotakiwa na nani, huwa siulizi. Nilimjibu, "Mama, sijui," naye akaitikia kwa kichwa, huku mvua ikipiga bati.

Palikuwa na njia moja iliyobaki, na nilimficha nisimpe tumaini. Ipo programu isiyojali majina wala mpangilio. Inapita juu ya nakala nzima, na popote inapokuta kitu chenye umbo la sauti inakizoa. Niliiacha ifanye kazi yake. Ilipomaliza ilikuwa imerundika vipande ambavyo havina majina, na nilipoanza kuvisikiliza kimoja kimoja nikaelewa ni nini. Hyera alikuwa na kawaida ya kufuta kila jaribio lililoharibika ili kupata nafasi. Lakini kufuta kwenye kompyuta si kuchoma moto. Kitu hubaki pale kimya hadi kingine kikikalie. Programu haikujua tulichokithamini na tulichokitupa. Nyimbo nzuri zilikuwa zimekwenda, na makosa yalikuwa yamebaki. Kukohoa, viti kusogezwa, mtu anauliza kama chai ipo. Na kisha Frida.

Nilimwita Mama Hilda, nikafunga mlango wa magunia. Kipande kilikuwa kifupi. Frida anaanza: Nimesimama ng'ambo hii, nani atanivusha? Kabla hajamaliza neno la mwisho sauti nzito za kiume zinaingia, anasimamisha. "Simameni, simameni. Besi mmewahi." Watu wanacheka. Halafu anashtuka kidogo, anacheka mwenyewe, anasema, "Jamani, hata huyu wa tumboni ameitikia, na yeye kawahi. Mwalimu, umepata mwanafunzi. Haya, turudie." Anavuta pumzi, anaanza tena mstari wake, peke yake, hadi mwisho, na pale pale ambapo wenzake wanatakiwa kupokea, kipande kinakatika. Mama Hilda aliketi sakafuni. Mtoto alikuwa amelala kwenye kitenge, naye akamnyanyua akiwa usingizini, akamwekea kipokea sauti kimoja sikioni, kingine akakishika yeye. "Rudia," akaniambia. Nikarudia. Alilia kwa sauti, kwa Kinyasa, akimwita, na yale magunia yakakimeza kilio chake kiasi kwamba Hyera, aliyekuwa upande wa pili wa mbao, aliniambia baadaye hakusikia kitu.

Mwalimu Cuthbert alipokisikia alikikataa. Alisema huwezi kumwalika mgeni rasmi akate utepe wa makosa, na kwamba kwaya nzima inafedheheshwa mle ndani. Nilifikiri anajitetea mwenyewe, na nikamwambia hivyo, mbele za watu, kwa maneno ambayo binti hamwambii mtu wa umri wake. Aliondoka. Uzinduzi haukufanyika. Kwaya haikurekodi tena, haikutafuta mwanzishaji mwingine, ikaimba Jumapili tu hadi ikachoka. Nakala ya kipande kile nilimpa Mama Hilda kwenye kanda, baadaye kwenye CD, baadaye kwenye simu ya Faraja, kila mashine zilipobadilika. Tangu mwaka ule siamini kitu chochote kilichopo mahali pamoja tu. Wanangu wananicheka kwa nakala ninazoweka. Mume wangu aliwahi kuniambia kwamba naishi kama mtu anayesubiri nyumba iungue, na hakukosea sana.

Nilishuka ziwani siku ya mazishi nikiwa na hofu ile ile ya zamani. Kaburi lilikuwa juu kidogo ya kijiji, maji yakionekana chini. Wanakwaya wa zamani walikuwepo, wachache, wenye mvi, wamesimama pamoja bila kuambiwa. Mwalimu Cuthbert alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti, na nilipomwamkia alishika mkono wangu hakuuachia upesi. Baada ya udongo kujazwa Faraja alisogea na simu yake na spika ndogo. Ni mwembamba kama mama yake. Hakueleza kitu, akabonyeza. Simameni, simameni. Besi mmewahi. Baadhi ya watu wakacheka huku wanalia. Kisha ile pumzi, kisha mstari: Nimesimama ng'ambo hii, nani atanivusha? Nilijua kinachofuata ni kukatika, nimekisikia mara zisizo na idadi, na nikafumba macho.

Haikukatika. Kabla Frida hajafika neno la mwisho sauti ya kizee, nzito, yenye mikwaruzo, ilikuwa imeshaingia. Ilikuwa ya Mwalimu Cuthbert, kutoka kwenye kiti. Kwaya ikamfuata, kila mmoja kwa wakati wake, ovyo kabisa. Faraja akazima simu. Akainua mkono, akawatazama wazee wale mmoja mmoja, uso umelowa machozi.

"Simameni, simameni," akasema. "Besi mmewahi. Haya, turudie."

Akavuta pumzi, akaanza yeye.